Geuza Boksi Nione Mgongo

Anti alinipigia simu Jumapili jioni, saa ile mtu anapanga nguo za wiki. Hakuzunguka.

"Wewe si ndiye unajua mambo ya mtandao? Niuzie hizi makabati za mjomba wako. Zinakula nafasi, na kijana amerudishwa nyumbani kwa karo."

Makabati aliyoyasema ni maboksi mawili ya plaiwudi, meusi, yenye kimo cha mtoto wa darasa la nne. Yalisimama kwenye baa ya Mjomba, Nakuru, tangu kabla sijazaliwa. Baa ilipofungwa yalihamia sebuleni, na Mjomba alipofariki mwaka jana yakabaki hapo, yamefunikwa vitambaa vya kufuma, juu yake picha ya harusi. Nyuma ya wavu wa kila boksi kuna spika moja kubwa ya inchi 15, na katikati ya spika kuna kibonge cha aluminiamu kinachong'aa kama sufuria mpya. Chini, kwenye kona, kuna beji: JBL.

Kwa kizazi changu JBL ni ile spika ya Bluetooth ya kubebwa kwenda pikniki, na nusu ya zile ninazoziona mitaani ni feki. Kwa hivyo jambo la kwanza lililonijia halikuwa la heshima. Nilijiuliza kama Mjomba alibandika beji tu ili wateja wake wanywe kwa imani.

Nikafungua matangazo ya mitumba nione wenzangu wanauzaje. Ukiwa mraibu wa mambo haya kama mimi, lugha yake unaijua. "Spika vinteji, bezi mbaya sana, bei ya kuongea." "Ex-UK, orijino, safi kama mpya." "Za kizamani, si hizi za plastiki." Picha huwa moja au mbili, zote za mbele, na nyuma yake kiatu cha mtu au kona ya kitanda. Muuzaji hadanganyi lazima. Mara nyingi hajui tu anachouza. Kontena limefunguliwa, spika zimetoka, bei imekadiriwa kwa ukubwa wa boksi.

Mimi huwa natuma ujumbe uleule kwa kila muuzaji: tafadhali geuza boksi, fungua skrubu, nipigie picha ya mgongo wa spika. Wengi hunipuuza. Sasa ilikuwa zamu yangu kuuza, nikaona siwezi kumnyima mnunuzi kile ambacho mimi mwenyewe huomba. Jumamosi iliyofuata nikapanda matatu kwenda Nakuru na bisibisi mbili.

Kabla sijafika Nakuru, ngoja nikueleze kwa nini mgongo. Mwaka 1925 wahandisi wawili wa General Electric huko Marekani, Chester Rice na Edward Kellogg, walichapisha maelezo ya spika ambayo karibu kila spika ya leo ni mjukuu wake. Ndani yake kuna koili ya waya, imegundishwa kwenye koni ya karatasi, inaning'inia kwenye pengo jembamba la sumaku. Umeme wa muziki ukipita kwenye koili, koili inasukumwa na kuvutwa na sumaku, koni inafuata, hewa inatikisika, nawe unasikia. Toka hapo karatasi imebadilika, gundi imebadilika, boksi limebadilika, lakini kanuni ni ileile. Kitu kinachokupa umri wa spika kwa haraka kuliko vyote ni sumaku, na sumaku inakaa nyuma.

Spika za mwanzo hazikuwa hata na sumaku ya kudumu yenye nguvu ya kutosha. Zilikuwa na koili kubwa ya pili iliyotiwa umeme ili igeuke sumaku. Ukiona spika yenye waya nne nyuma badala ya mbili, huenda umeshika kitu cha miaka ya 1930. Kisha ikaja alniko. Jina lenyewe ni orodha ya viungo: aluminiamu, nikeli, kobalti, vikichanganywa na chuma. Msingi wake ulitoka Japani, ambako Tokushichi Mishima mwaka 1931 aligundua kwamba chuma, nikeli na aluminiamu pamoja hutoa sumaku kali ajabu. Kobalti ikaongezwa, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia alniko ikawa ndiyo sumaku ya spika nzuri. Ni ndogo kwa nguvu yake, kwa hivyo mgongo wa spika ya alniko huwa kama kikombe au kengele iliyofunikwa, umepinda vizuri.

Miaka ya 1950 Philips ya Uholanzi ikaleta sumaku ya aina nyingine, feraiti, ambayo kimsingi ni udongo wa oksidi ya chuma uliochomwa kama chungu. Ni rahisi sana kutengeneza. Lakini ili ifikie nguvu ya alniko inabidi iwe pana, kwa hivyo mgongo wa spika ya feraiti huwa duara pana bapa, jeusi au kijivu, kama chapati mbili zilizobanwa na vyuma. Watengenezaji wengi wa spika za bei nafuu walihamia feraiti mapema, kwa sababu ya bei tu. Waliobaki na alniko ni wale wakaidi wa juu: JBL, Altec, Tannoy.

Kuna alama nyingine ambazo ningependa kila mnunuzi wa mitumba azijue, maana zinaokoa pesa. Spika nyingi za Kimarekani zina namba iliyogongwa kwenye fremu. Tarakimu za mwanzo ni za kiwanda: 220 ni Jensen, 137 ni CTS, 465 ni Oxford, 285 ni Rola. Zinazofuata ni mwaka na wiki. Ukiona 220632, soma hivi: Jensen, mwaka unaoishia na 6, wiki ya 32. Kama ni 1956 au 1966, hapo umbo la sumaku litakusaidia kuamua. Kisha tazama ukingo wa koni. Ukiwa wa sponji, ile laini ya miaka ya 1970 na 1980, basi jua sponji hiyo huoza yenyewe baada ya miaka kumi au ishirini, ipigwe isipigwe, na joto na unyevu huiharakisha. Muuzaji akikuapia kwamba spika ya 1978 yenye ukingo wa sponji haijawahi kuguswa na fundi, muulize sponji hiyo imekula nini ikaishi hivyo. Kubadilishwa si dhambi. Dhambi ni kuficha.

Na usidharau vidogo. Kwenye marundo ya Ex-UK kunaweza kulala kiboksi cha mbao chenye urefu wa kama sentimita 30, kimeandikwa Rogers, Spendor au Chartwell, na chini yake LS3/5A. Kilibuniwa na wahandisi wa BBC miaka ya 1970 ili mafundi wa matangazo waweze kusikiliza sauti za watu vizuri ndani ya gari dogo. Ndani kuna wufa ya KEF B110 na twita ya KEF T27. Za mwanzo ni omu 15, na baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1980, zikawa omu 11. Mtu asiyejua ataiuza kwa bei ya spika ya kompyuta kwa sababu haina bezi ya kutikisa dirisha. Ilijengwa kwa ajili ya sauti ya binadamu, si ya disko.

Turudi Nakuru. Nilitoa vitambaa, nikashusha picha ya harusi, nikalaza boksi la kwanza kifudifudi. Anti alisimama mlangoni mikono kiunoni, kama mtu anayetazama daktari wa mifugo. Skrubu zilikuwa na kutu, lakini zilitoka. Na pale nyuma, chini ya vumbi la moshi wa sigara wa miaka mingapi sijui, ukajitokeza mgongo uliopinda kama kengele, na kibandiko: K130. Alniko. Haikuwa beji ya kubandika. Nilikaa chini sakafuni.

James B. Lansing, aliyeipa kampuni jina lake, aliianzisha mwaka 1946 na akafariki 1949. Kabla hajafa alikuwa ametoa D130, spika ya inchi 15 yenye koili ya upana wa inchi 4, waya wake bapa kama utepe, ukubwa ambao wenzake hawakuthubutu. K130 ni mtoto wa D130, iliyotengenezwa miaka ya 1970 kwa ajili ya wanamuziki. Ni spika ya kuburuzwa jukwaani. Ndipo nikakumbuka hadithi ya Mjomba ambayo sikuwahi kuisikiliza vizuri: kwamba spika za baa alizinunua kwa bendi ya Wakongo iliyokuwa ikivunjika Nairobi, akalipa nusu kwa pesa na nusu kwa mbuzi.

Nikafungua boksi la pili nikiwa tayari nimeshaanza kuandika tangazo kichwani. Jozi. JBL. Alniko. Elfu sitini, tusiongee sana.

Mgongo wa pili ulikuwa chapati. Duara pana, zito kuliko ile ya kwanza. Kibandiko: E130.

Kwa mbele zilikuwa ndugu kabisa, kibonge kilekile cha aluminiamu, koni ileile nyeusi. Kwa nyuma zilitoka dunia mbili. K ni ya kabla, E ni ya baada. Na kilichotokea katikati ya herufi hizo mbili hakikutokea Marekani. Kilitokea mahali ambapo watu wanaongea Kiswahili.

Kobalti ya dunia, wakati ule kama sasa, ilitoka zaidi Kongo, iliyoitwa Zaire, katika mkoa wa Katanga ambao Mobutu alikuwa ameubatiza jina Shaba. Hilo neno halihitaji kamusi kwetu. Mkoa mzima uliitwa kwa jina la madini yake, kama mtu kuitwa kwa jina la mfuko wake. Kobalti huchimbwa pamoja na shaba hiyo. Machi 1977 wapiganaji wenye asili ya mkoa huo, waliokuwa wakiishi uhamishoni Angola, waliuvamia. Walirudishwa nyuma. Mei 1978 wakaja tena, safari hii wakipitia Zambia, na tarehe 13 wakauteka mji wa migodi wa Kolwezi. Mamia ya watu waliuawa, Wakongo na wageni. Siku sita baadaye askari wa Jeshi la Kigeni la Ufaransa wakarushwa kwa miavuli. Migodi ilisimama kwa muda, wataalamu wa kigeni wakakimbia, na wanunuzi kote duniani wakaingiwa na hofu wakaanza kujaza maghala. Bei rasmi ya kobalti, iliyokuwa chini ya dola 7 kwa ratili mwanzoni mwa 1978, ilifika dola 25 mwaka uliofuata. Sokoni kwa wenye haraka ilipanda kuliko hapo.

Watengenezaji wa spika walifanya hesabu. JBL wakachora upya sumaku zao ili feraiti ifanye kazi ya alniko, na kuanzia hapo unaona majina yakibadilika moja baada ya jingine: K130 ikawa E130, spika ya studio 4343 ikawa 4343B, na kadhalika. Tannoy nao wakahama. Kwa mtu anayetambua spika za zamani, huu ni mstari kama ule wa mafuriko ukutani. Juu yake alniko, chini yake feraiti. Watu wanaobishana mtandaoni eti alniko ni tamu kuliko feraiti huutaja mwaka ule kama bahati mbaya ya soko. Mji wa Kolwezi hawautaji.

Huko Nairobi, mwaka uleule wa 1977, Orchestra Super Mazembe, wanamuziki waliotoka Zaire wakapiga kambi kwetu, walikuwa wakitoa "Kasongo", wimbo ambao wewe msomaji umeusikia hata kama umezaliwa 2003. Sisemi kwamba spika za Mjomba zilikuwa zao. Sijui bendi ile ilikuwa ipi. Nasema tu kwamba mwanamuziki wa Kikongo angeweza kupiga gitaa Nairobi kupitia sumaku iliyochimbwa nyumbani kwao, ikasafishwa, ikasafirishwa, ikafungwa kwenye boksi Marekani, ikarudi Afrika kwa meli kwa bei ambayo bendi nzima ililipa kwa miezi.

Nilimuuliza Anti kuhusu ile ya pili. Hakufikiri hata kidogo.

"Si ile iliungua? Krismasi moja hivi, kijana wa kuweka muziki alikuwa amelewa. Mjomba wako hakulala. Alienda Nairobi akakaa siku tatu River Road akitafuta nyingine. Akarudi na hiyo akaniambia hakuna mtu atajua."

Na kweli, kwa miaka hiyo yote hakuna aliyejua.

Nilizipima zote mbili. Mita ilionyesha kitu karibu na omu 6 kwa kila moja, ambayo ndiyo unayotarajia kwa spika ya omu 8. Nikasukuma koni taratibu kwa vidole vilivyotandazwa, hakuna mkwaruzo, maana yake koili haijapinda. Nikachukua betri ya volti 1.5, chanya kwenye nyekundu, koni ikarudi ndani badala ya kutoka nje. Nusura nipige kelele, kisha nikakumbuka: JBL za zamani ndivyo zilivyo, kinyume na wengine. Zote mbili zilirudi ndani. Angalau katika hilo zilikubaliana.

Jioni ile, kabla sijaandika lolote, nilikuwa nimeshaweka picha moja ya mbele kwenye tangazo, ya kuonja soko. Ujumbe ukaingia: "Boss, kama ni JBL orijino na zote ni sawa, nakupa elfu sitini leo leo. Natuma M-Pesa ya kushikilia."

Kama ni JBL orijino: ndiyo. Zote ni sawa? Nilimwonyesha Anti simu. Elfu sitini ilikuwa karo na chenji. Angekuja usiku, angezipiga, zingelia vizuri, angebeba. Huenda angekaa miaka mingine ishirini bila kufungua mgongo. Mjomba mwenyewe alishasema hakuna mtu atajua.

Anti alinyamaza muda. Halafu akasema, "Yeye aliwadanganya walevi. Wewe unataka kumdanganya mtu amelipa?"

Nikamwandikia jamaa ukweli, na picha za migongo. Akajibu kwa neno moja, "Poa," kisha kimya. Siku ya pili akarudi kwamba anaweza kuchukua K130 peke yake kwa elfu thelathini na tano. Ile nyingine hataki. Hesabu yake haikuwa mbaya, lakini boksi moja lililobaki na spika ya kuhamia lingeuzwa kwa nani?

Basi nikaandika tangazo upya. Ndilo tangazo refu kuliko yote niliyowahi kuandika, na hili hapa kama lilivyokuwa:

"Spika mbili za JBL za inchi 15, ndani ya maboksi ya plaiwudi yaliyotengenezwa hapa Kenya. Moja ni K130, sumaku ya alniko, miaka ya 1970. Nyingine ni E130, sumaku ya feraiti, ya baada ya hapo. Hazifanani nyuma, picha ziko. Ya pili iliwekwa baada ya ya kwanza kuungua. Koili zote zimepimwa, koni hazijaraaruka, ukingo si wa sponji. Zilipiga kwenye baa Nakuru. Haziuzwi moja moja. Elfu hamsini."

Kulikuwa na kosa la tahajia hapo kwa "hazijararuka" na sikulirekebisha, maana simu zilianza. Wengi waliuliza kama zina Bluetooth. Mmoja aliuliza kama plaiwudi yenyewe inauzwa. Wiki ya pili akapiga kijana wa Kayole mwenye mitambo ya kukodisha kwenye harusi na mazishi. Swali lake lilikuwa la pekee: "Ile imeungua, ilikuwa ya kushoto ama ya kulia?" Sikuwa na jibu. Nikampa Anti simu. Akasema kulia, upande wa choo, ndiyo maana kijana mlevi alikuwa akiipita kila mara.

Alikuja na pikapu. Alifungua migongo mwenyewe, akaangalia, akatikisa kichwa kama mtu aliyeonyeshwa picha za zamani za familia. Tukaafikiana elfu arobaini na tano. Alituma pale pale, Anti akasoma ujumbe mara mbili kwa sauti, na Jumatatu kijana akarudi shule.

Tangu siku hiyo nimefikiria sana simu niliyoandikia tangazo lile. Betri za simu nyingi zina kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia bado inatoka kulekule, Kolwezi na jirani zake, katika eneo lililokuwa mkoa wa Katanga. Madini yaliyotoka kwenye mgongo wa spika yameingia mfukoni mwetu. Ukiwa unatazama matangazo usiku, kidole kikipanda na kushuka, ukitafuta alniko ya bei rahisi, unaitafuta kupitia kobalti.

Ila hilo halikupi sababu ya kuacha kutafuta. Tafuta. Na ukipata, usimwamini mtu anayekuonyesha beji. Mwambie ageuze boksi, na akikataa, funga tangazo ulale.